Odessa Amsemea Mumewe

Ijumaa za Kwaresima, ukumbi wa kanisa katika mtaa wa Wapolandi, mjini Toledo, hujaa hadi mlangoni. Samaki wanakaangwa kwenye mafuta, wazee wanagombania viti, makoti yamelowa theluji. Hapo ndipo Wendell Kosar alipommwagia Odessa Pruitt kachumbari ya kabichi juu ya viatu vyeupe.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

Wendell akafungua mdomo, pasitoke kitu.

"Na ulimi nao? Haya, lete sahani." Akamgeukia mama aliyekuwa akipakua sahani. " Mama, mpe huyu bwana sangara, na kabichi nyingine. Ile ya kwanza nimeivaa mimi."

Chini ya koti alivaa gauni la njano, njano ya kiini cha yai. Wendell hakulisahau. Kabla ya kiangazi wakaoana.

Tangu hapo Odessa akawa anamsemea. Benki alimsemea, kwa daktari alimsemea, na kila walipokula nje alimwagizia sangara na kabichi. Wendell alikuwa mzito wa maneno, na mke wake alikuwa nayo ya kuwatosha wawili. Mahali pamoja tu hakuhitaji msemaji: kwenye basi la shule alilokuwa akiliendesha. Mle aliimba, akawatania watoto, nao wakambatiza Bwana Ko.

Mwanzo wa vuli moja, Wendell akiwa kwenye gari lake mwenyewe, polisi akamkamata amepita kibao cha kusimama bila kusimama. Wengine hulipa faini kwa posta yakaisha. Lakini dereva wa basi la shule akipatikana na kosa kama hilo, kazi yenyewe iko mashakani. Ikabidi shauri liende mahakamani.

"Utasema nini huko?" Odessa alimuuliza asubuhi, akimfunga vifungo vya shati. "Utasimama kama mlingoti. Mimi nimekwenda kupaona. Tawi la mti limeziba kile kibao, nimelipiga picha. Nenda kazini, mpenzi. Nitakusemea."

"Inaruhusiwa?"

"Mimi si mkeo? Nani anakujua kuliko mimi?"

"Odessa, siku ile mimi nili..."

"Kahawa inapoa, Wendo."

Alikwenda na suti ya buluu na hereni za lulu. Karani alipoita jina la Wendell Kosar, akasimama.

"Yupo, Mheshimiwa! Mimi ni mke wake."

Hakimu, mama wa makamo, akamtazama juu ya miwani. "Wewe ni wakili?"

"Ni mke, Mheshimiwa. Inazidi uwakili."

"Huenda. Lakini hapa mtu anajisemea mwenyewe au anasemewa na wakili. Mke hawezi, mume hawezi. Yuko wapi?"

"Anawapeleka watoto wenu shule!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Ikaandikwa kwamba mshtakiwa hakufika, na leseni yake ikafungwa mpaka aje kwa miguu yake.

Odessa akampigia simu kwenye ngazi za mahakama.

"Wendo, usikasirike. Wameifunga leseni."

Akasikia mlango wa basi ukifungwa.

"Sema basi, mume wangu. Nitukane hata."

"Nimeshashusha watoto," akasema Wendell. "Funguo nimkabidhi nani?"

Basi likapewa mtu mwingine. Wendell akahamia kwa kaka yake ng'ambo ya mto, na kwa uchungu akaliacha shauri lilale majira ya baridi yote. Odessa alipiga simu kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

Wendell alikuja kurudi mahakamani Ijumaa moja ya Kwaresima, na koti lake la misibani. Odessa alikaa benchi la nyuma, picha za tawi zimo mkobani, leso ameing'ata.

"Bwana Kosar, unasemaje?" hakimu akauliza.

Kimya kikarefuka. Odessa akajiona anainuka. Akashika benchi kwa mikono miwili.

"Nina kosa," akasema Wendell. "Kibao nilikiona."

Akatozwa faini, leseni ikafunguliwa. Basi halikurudi.

"Picha zote zile, Wendo!" Odessa alimdaka ngazini. "Lile tawi..."

"Tawi halikunizuia kuona."

"Sasa mbona hukusimama?"

Wendell akamgeukia. "Leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza. Ulikuwa nje ya saluni, ng'ambo ya barabara, na gauni lako la njano. Unacheka na wenzako. Sikuwa nimekuona ukicheka vile tangu lini sijui. Nikasahau mguu wangu uko wapi."

Odessa akafungua mdomo, pasitoke kitu.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Nilianza. Kahawa ikawa inapoa."

Basi la shule likapita. Watoto wakabandika nyuso viooni, "Bwana Ko! Bwana Ko!" Wendell akainua mkono, akauacha juu hata basi lilipokwisha kukata kona.

Wakaenda ukumbini, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na hakuna aliyejua pengine pa kwenda. Mama wa sahani akawatambua. "Sangara na kabichi kwa bwana, kama kawaida?"

"Muulize mwenyewe," akasema Odessa.

Wendell akatazama trei moja baada ya nyingine. Nyuma yao watu wakaanza kunung'unika: "Jamani, foleni! Samaki wanapoa huku!" Odessa hakugeuka wala hakujibu.

"Kabichi," Wendell akasema taratibu, "sijawahi kuipenda."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Odessa akajifuta macho kwa ile leso iliyotafunika. "Endelea," akamwambia. "Nasikiliza."