Risasi Iliyopenya Ukuta wa Kinu

Risasi ya tatu haikurudi na mwangwi.

Pale Darra, mji wa watengeneza bunduki, vilima vimesogeleana, hata mtu akipiga chafya sokoni husikia chafya yake ikimrudia, seuze bastola. Risasi mbili za mwanzo zilijibiwa vizuri tu, kila moja kwa zamu yake. Hii ya tatu ilimezwa. Mzee Mukarab Khan aliinua shingo akasikiliza, akadhani ni masikio yake ya utu uzima, akapuuza. Tusimlaumu sana. Siku ile alikuwa na furaha, na furaha kwa mtu aliyezoea upweke hupanda kichwani upesi kama ugoro.

Mwanawe wa pekee, Zarghun, alikuwa anarudi kutoka Sharjah. Alikuwa anakuja na mke, na mtoto wa kiume ambaye babu yake hajawahi kumpakata. Tangu mkewe Bakhmina afariki, Mukarab alikula peke yake, akalala peke yake, na asubuhi aliiuliza birika kama imelala salama. Sasa nyumba ingepata watu. Na kwa Waafridi, kabila lake la Kipashtuni, mtoto wa kiume hapokewi mikono mitupu. Baba humkabidhi silaha, ikapigwa langoni, majirani wakajua kwamba nyumba ile ina wanaume tena. Ndiyo maana mzee alikuwa tangu asubuhi kwenye duka la Itbar Gul, akiinua hii na kuiweka ile, kama mama anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Hizi bastola mbili za risasi nene ni za polisi, ami," Itbar Gul alikuwa amemwambia, huku akimmiminia chai ya iliki. "Zina kishindo, zina vitisho, lakini risasi yake inachoka njiani. Mpe kijana hii nyembamba, tunayoiita thelathini."

Akamwekea risasi kiganjani. Ilikuwa nyembamba, imebanwa shingoni kama kichupa cha dawa.

"Mbona kama sindano hii?" Mukarab akauliza.

"Usiitazame wembamba. Mke wangu naye mwembamba, lakini neno likimtoka linatoboa ukuta linamkuta jirani." Watu dukani wakacheka. "Risasi nene inabisha hodi, ami. Hii haingoji kukaribishwa."

Mzee aliichungulia bastola yenyewe ndani ya mtutu, akaona mifuo imezunguka safi. Akavuta nyundo nusu kuhakikisha inajifunga, maana bastola za aina ile hazina kufuli nyingine. Akapima uzito wake mkononi. Ilikaa vizuri, nyembamba ubavuni, isingetuna chini ya kanzu. Lakini alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho, kwa hiyo akazichukua zote tatu, akateremka nazo hadi kwenye kijito nyuma ya soko, akalenga ukuta wa udongo wa kinu cha maji cha kusagia nafaka kilichoachwa zamani.

Watu wa kule hawamwagi maji ya moto uani wala hawapigi risasi kwenye gofu bila kukohoa kwanza na kutamka Bismillahi, ili wale wasioonekana wapate kuwaondoa watoto wao. Mukarab alikohoa, akatamka, akapiga risasi nene ya kwanza, na ya pili vilevile. Zote mbili zilikwama ukutani. Kisha akaishika ile thelathini, akamfikiria Zarghun akiipiga langoni huku mtoto ameziba masikio na kucheka, na furaha ikamsahaulisha. Alifyatua kimyakimya.

Alipokwenda kuchungulia aliona tundu dogo, safi, na mwanga wa upande wa pili. Ilikuwa imepenya. Na kwa mbali ndani ya kinu alisikia sauti kama ya mtu anayembembeleza mtoto: sss, sss. Akasema ni maji. Akarudi dukani akainunua.

Jioni ile nyumba ilinuka maziwa yaliyochacha. Mukarab hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alinusa birika, akanusa mtungi, akanusa hata kanzu yake, kisha harufu ikamwongoza mpaka chumba alichowaandalia wageni wake, chenye blanketi mpya na susu ya kamba aliyoisuka mwenyewe kwa ajili ya mjukuu. Susu ilikuwa inabembea. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akaishika kwa mkono, ikatulia, akageuka kutoka, na nyuma yake kamba ikaanza tena kulia, kwii, kwii, polepole, kwa subira ya mtu ambaye mtoto wake anakataa kulala.

Kesho yake bastola haikuwa mahali alipoiweka. Alitafuta chini ya mto, akatafuta kwenye sanduku la nguo za marehemu, akatafuta jikoni, na muda wote harufu ile ikizidi, na sasa ndani ya harufu kulikuwa na sauti ya mwanamke akiimba bila maneno, sauti ya chini iliyochoka, ikikatika mahali pamoja kila mara kama mtu anayekumbuka jambo na kunyamaza, mpaka mzee akajikuta amesimama mbele ya susu, akitazama kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe jinsi wanawake wa kule wanavyowafunga watoto wachanga, mikono ndani, uso tu nje, ila hapakuwa na uso, palikuwa na mdomo wa mtutu. Alipoinyanyua ilikuwa na joto la mwili. Kitambaa kilikuwa kimelowa maziwa.

Mukarab hakupiga kelele. Angempigia nani? Alitoka na kitambaa kile mkononi akaenda moja kwa moja kwa Mulla Raghib, mtu mfupi mwenye ndevu za hina, aliyejulikana bonde zima kwa kutoa majini.

Mulla alinusa kitambaa, akakiweka chini. "Ulipiga wapi?"

"Kwenye gofu la kinu."

"Ulitamka?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mbili nilitamka."

"Na ya tatu ndiyo iliyopenya." Mulla alishusha sauti, akatazama mlango. "Nani alikwambia lile ni gofu? Umeua mtoto, Mukarab. Mtoto wa watu, mbele ya mama yake."

"Mtoe, Mulla. Choma pilipili, soma, fanya unalolijua. Mwanangu anakuja na mtoto mdogo!"

"Jini mwovu namtoa. Huyu si mwovu, huyu ana haki yake. Amekaa kwenye milima hii kabla ya babu zetu, sheria yake ni ile ile yetu. Angekuwa jirani yako umemuulia mtoto, ungefanya nini?"

Mukarab alijua. Wao huita nanawati: kumwendea mwenye damu mlangoni kwake, na kondoo, na majani mdomoni kama mnyama, ukajiweka mikononi mwake. Lakini mtu haendi peke yake. Huenda na ukoo, maana mwenye kisasi huona haya mbele ya watu wengi.

Basi akazunguka kutafuta watu. Binamu yake mmoja alikuwa na maumivu ya mgongo. Mwingine alikuwa na safari ya Kohat ambayo asubuhi hakuwa nayo. Itbar Gul alimwambia kwa kunong'ona, mlango nusu, "Ami, mimi nina watoto sita," na Mukarab hakumkasirikia. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye damu ya majini haushikwi hata kidogo. Hakuwahi kuhisi upweke kama ule, hata siku ya kumzika Bakhmina, maana siku ile angalau watu walibeba jeneza.

Baada ya alasiri akaenda na kondoo aliyemnunua sokoni. Mulla alimsindikiza mpaka kwenye kijito, akasimama hapo akisoma, hakuvuka. Mukarab alivuka, akang'oa majani akayauma, akapiga magoti mbele ya mlango wa kinu, akaiweka bastola kizingitini. Kondoo alijitupa nyuma, akakata kamba, akakimbia. Ndani kulikuwa giza, na harufu ya maziwa ilitoka kwa wingi hata macho yakamwasha.

"Nimekuja mlangoni kwako," alisema, majani yakimkwama kwenye meno. "Sikukuona. Sikukusudia. Kosa ni langu."

Ilijibu sauti ya mwanamke, sauti ya kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio uliomtia baridi uti wa mgongo.

"Alikuwa amesinzia. Niliposikia umekohoa mara mbili nikamwondoa ukutani. Ulipokaa kimya nikajua umeondoka. Nikamrudisha."

Mukarab akalia. Hakulia kwa hofu peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Chukua roho yangu," alisema. "Mimi mzee."

"Ya nini? Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mimi pia. Umekuja mlangoni kwangu, kwa hiyo kisasi cha damu siwezi kuchukua, naona haya. Lakini nyumba yangu imenyamaza, mzee. Na yako itanyamaza. Siku mtoto wa mwanao atakapovuka kizingiti chako, nanawati yako imekwisha, na mimi nitachukua mtoto kwa mtoto."

"Nitahama! Nitamfuata mimi huko!"

"Popote utakapokaa naye, hicho ndicho kizingiti chako."

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu ya vilima. Aliketi kwenye kitanda cha kamba, simu mkononi, akafikiri namna ya kusema. Angemweleza Zarghun ukweli? Alimjua mwanawe. Mpashtuni akisikia baba yake yuko peke yake na adui, hata adui awe jini, atapanda ndege ya kwanza, na mtoto begani. Ukweli ungewaleta mbio. Palihitajika neno ambalo mwana hawezi kulisamehe.

Zarghun alipokea akicheka. "Baba! Mabegi yetu yapo mlangoni. Ngoja, ngoja, kuna mtu anataka kukusalimu. Tumemfundisha neno moja tu."

Ikasikika pumzi ndogo, na chakarachakara, halafu sauti nyembamba ikasema, kwa bidii, "Babu."

Mzee alifunga macho. "Babu," mtoto akarudia, akangoja kujibiwa.

"Mchukue mtoto huyo," Mukarab akasema. "Nisikilize vizuri. Usije."

"Baba? Unaumwa?"

"Mzima. Nimeuliza habari za mke wako. Wamenieleza ni binti wa nani. Mwanamke wa namna hiyo hataingia kwangu, na mtoto wake si damu yangu, simjui."

"Baba, nani kakwambia maneno hayo? Wewe mwenyewe ulitubariki! Ulilia kwenye simu kwa furaha!"

"Nilikuwa sijajua. Ukija na hao nitakutana nanyi langoni, na si kwa kuwapokea."

Kule Sharjah mtoto alikuwa bado anaita, babu, babu, kwa kuwa alisifiwa alipolisema mara ya kwanza. Kisha mama yake akamnyamazisha. Zarghun aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ukifa, watakuzika majirani," alisema, akakata.

Mukarab aliiweka simu chini kwa uangalifu, uso ukiwa juu, kana kwamba ingeweza kuvunjika zaidi. Alijifunika uso kwa viganja viwili akalia kama wanavyolia wanawake, bila kujizuia, mpaka sauti ikamwishia.

Hapo ndipo upande wa pili wa kitanda ulipobonyea, taratibu, kama mtu mchovu anavyoketi. Hakugeuka kutazama; harufu ya maziwa ilitosha. Na yule aliyeketi naye akaanza kulia.