Uzoefu wa Miaka Miwili

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Jeptoo alikuwa akishuka kwenye treni ya Green Line, anatembea mitaa miwili kwenye theluji, anafika nyumbani, anavua buti mlangoni na kuteleka wali. Mama yake, ambaye alifanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapo Saint Paul, Marekani, ndio kwanza alikuwa akiamka.

“Habari ya shule?” Mama angeuliza.

“Fine,” Jeptoo angejibu.

Mazungumzo yaliishia hapo, maana simu ya Jeptoo ilikuwa imeshaanza kulia. Na simu hiyo ndiyo iliyomponza.

Mambo yalianza kanisani. Jumapili moja Anti Maureen, muuguzi mwenye sauti inayofika viti vya nyuma bila kipaza sauti, alitangaza kwamba makanisa ya Wakenya na Wakongo wa Minneapolis na Saint Paul yanafungua Baraza la Vijana mtandaoni. Lingekuwa la vijana wa miaka kumi na mitatu na zaidi.

“Natafuta wasimamizi sita,” alisema. “Hasa wenye uzoefu. Kila ujumbe utasomwa na msimamizi kwanza, ndipo utoke. Jazeni fomu, na mseme ukweli.”

Jeptoo alikuwa na miaka kumi na mitatu na wiki tatu. Fomu iliuliza: umewahi kusimamia kundi gani? Lenye watu wangapi? Kwa muda gani? Ukweli ni kwamba alikuwa kwenye kundi la mabinamu saba waliotumiana picha za keki, na halikuwa na msimamizi yeyote. Akaandika: watu mia tatu, miaka miwili. Kisha akaongeza kwamba hapajawahi kutokea ugomvi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Alichaguliwa. Wote sita waliitwa mbele kanisani, wakapigiwa makofi, na Mama akapiga picha tatu akazituma Eldoret. Wa kwanza kumkumbatia alikuwa Héritière, rafiki yake wa kwaya, msichana wa Kikongo anayekaa mtaa wa Phillips.

Wiki ya kwanza Jeptoo alisoma kila ujumbe mpaka nukta ya mwisho. Kufikia wiki ya tatu zilikuwa jumbe themanini kwa siku: salamu za siku ya kuzaliwa, utani, ubishi wa mpira wa kikapu. Katikati yake zilichomoza nyingine nzito. Kijana mmoja aliandika kwamba shuleni hana hata mtu wa kula naye. Msichana mwingine alisema ameacha kula. Mwanzoni Jeptoo aliposoma maneno kama hayo moyo ulimwenda mbio. Alitaka kumuuliza mtu afanyeje, lakini bingwa wa miaka miwili atamuuliza nani? Basi akanyamaza. Siku zilivyokwenda moyo ukaacha kwenda mbio. Macho yalipita juu ya maneno, kidole gumba kikabonyeza “Ruhusu”, na ndani yake palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana shuleni, jumbe kumi na mbili zilikuwa zikimsubiri. Wa saba ulikuwa na picha ya mshumaa, ua, na neno “pole”. Za namna hiyo alikuwa ameziona nyingi. Akabonyeza “Ruhusu”, akaendelea kula viazi vyake.

Ujumbe ule ulitoka kwa Maombi, binamu yake Héritière aliyeko Texas, aliyejiunga na Baraza kwa mwaliko wake. Uliandikwa hivi: “Pole sana dada Héritière. Koko ametutoka leo asubuhi kule Uvira. Apumzike kwa amani.”

Héritière alikuwa hajui. Koko ndiye bibi aliyemlea kwenye kambi ya wakimbizi mpaka alipotimiza miaka tisa. Na kwa watu wao, kama ilivyo kwa wengi wetu, habari ya msiba hairushwi kama mpira. Wazee huja, wakakukalisha, mmoja akakushika bega, ndipo ukaambiwa. Baba yake alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, na yeye na mchungaji walikuwa njiani kwenda kumchukua shuleni. Ujumbe ukawatangulia. Ulimkuta Héritière kwenye ujia wa shule, amebeba vitabu, peke yake.

Anti Maureen alipiga simu Jeptoo akiwa anavua buti.

“Jeptoo, ule ujumbe wa msiba uliuruhusu wewe?”

“Ndiyo, Anti.”

“Uliusoma?”

“Niliuona.”

“Kuona si kusoma.” Kisha Anti Maureen akamweleza yaliyompata Héritière. “Nimeufuta. Lakini mwenyewe ameshausoma.”

Jeptoo alisubiri kulia. Machozi yakagoma. Akateleka wali. Akaosha sahani iliyokuwa safi. Mama alipouliza habari ya shule alijibu “fine”, na akashtuka kidogo kwamba neno lile lilitoka vilevile kama siku zote. Ijumaa alikwenda darasani, akajibu maswali ya hesabu, akacheka wenzake walipocheka. Alimwandikia Héritière mara nne. Hakujibiwa. Alijua anampoteza rafiki, na hata hilo alilijua kwa kichwa tu.

Jumamosi Mama alisema wanakwenda matangani kwa kina Héritière. Wakiwa kwenye gari, Jeptoo alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo Mama alikuwa hajaisikia mdomoni mwa bintiye kwa miezi, “Mama, nilidanganya kwenye fomu.”

Mama akaegesha gari kando ya rundo la theluji. “Sema yote.”

Akayasema yote. Mama hakumfokea. “Utamwambia Maureen, na utamwambia Héritière,” alisema. “Mimi nitakuwa pale, lakini kuomba radhi ni kazi yako.”

Nyumba ya kina Héritière ilijaa viatu mlangoni na nyimbo za chinichini sebuleni. Héritière alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni. Jeptoo akapiga magoti mbele yake.

“Mimi ndiye niliyeuruhusu ujumbe ule. Sikuusoma. Na sijawahi kusimamia kundi lolote. Nilidanganya. Nisamehe.”

Héritière aliinua uso. “Nilikuwa mwenyewe,” alisema. “Vitabu vilianguka, na hakuna mutu alinishika. Papa alikuwa mu njia anakuya. Dakika kumi tu, Jeptoo.”

Hapo machozi yakaja yote kwa mpigo. Jeptoo alikimbilia jikoni, akamkuta Anti Maureen akipanga vikombe, akamwambia habari ya fomu huku akilia.

Anti Maureen akaweka kikombe chini. “Nilitaka wanne wenye uzoefu na wawili wa kujifunza,” alisema. “Hao wawili wangekaa na Gitonga, anayesimamia jukwaa letu la wauguzi mtandaoni, na wasingeruhusu ujumbe hata mmoja bila yeye. Nilipofungua fomu sikumpata mwanafunzi hata mmoja. Wote mlikuwa mabingwa!”

“Kumbe ningechukuliwa tu?”

“Ungechukuliwa. Mimi mwaka wangu wa kwanza wodini niliuliza maswali mpaka wakanichoka. Uzoefu hauazimwi, Jeptoo. Anayesema ‘sijui’ hupewa wa kumwongoza. Anayedanganya huachwa na mzigo peke yake, na ukimlemea, wanaoumia ni wengine.” Akamkabidhi kikombe cha chai. “Mpelekee rafiki yako.”

Héritière alipokea chai. Kisha akasogea kidogo kwenye godoro. Jeptoo akaketi katika nafasi ile mpaka jioni.

Jumatatu Jeptoo alianza upya chini ya Gitonga. Baraza likaweka sheria kwamba habari ya msiba haitoki mpaka familia ipigiwe simu na yenyewe iseme tayari. Fomu zote zikarudishwa kwa wenyewe zijazwe tena, na nasikia mabingwa wengine wawili waligeuka wanafunzi siku hiyohiyo. Yule kijana asiye na mtu wa kula naye na yule msichana aliyeacha kula walitafutwa na Anti Maureen mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Jeptoo alivua buti mlangoni kama kawaida.

“Habari ya shule?” Mama aliuliza.

“Leo si nzuri, Mama. Nimesoma ujumbe wa mtoto fulani, nikampelekea Gitonga. Lakini bado unaniuma.”

Mama akazima jiko, akavuta kiti, akaketi karibu naye. “Usiogope ukikuuma,” alisema. “Uliponiambia ‘fine’ kila siku, ndipo ulipokuwa mgonjwa. Haya, nieleze.”