Nakshi Zilizotazama Barabara

Demetria alikuwa amelala tena ndani ya motokaa. Jua la saa sita lilikuwa limesimama wima juu ya Kinondoni, bati la banda la motokaa likilia kwa joto, na mtoto yule wa miaka minne alikuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, jasho likimtiririka shingoni, akitabasamu usingizini kama aliyefika kwa bibi yake. Leodegar alimwita kwa sauti ya chini. Mtoto akafumbua macho, akatikisa kichwa.

"Sitoki, baba. Niache huku."

"Huku joto, utaiva kama muhogo."

"Huku kuzuri."

Kabla Leodegar hajajibu, mkewe Genoveva alimpita mbio kutoka jikoni, mikono ina unga bado, akamvuta mtoto kwa kifundo cha mguu hadi nje. Na mara walipovuka kizingiti cha banda akamchapa kofi lililosikika kwa jirani. Leodegar alibaki ameduwaa. Tangu wafunge ndoa kule Bukoba hakuwahi kumwona mkewe akimpiga hata mbuzi aliyeingia shambani. Lakini lililomduwaza zaidi ni hili: kwa kitambo kile kifupi, naye alilifurahia kofi.

Mlango wa banda lile ulikuwa umetiwa karibuni. Ule wa kwanza, wa mbao za msonobari, ulikuwa umeshuka ukawa unaburura chini, hata kuufungua kulitaka bega na matusi. Leodegar alimwita Polikarpo, fundi wa Kimakonde mwenye karakana yake Temeke. Polikarpo aliugonga mlango kwa kifundo cha kidole kama daktari agongaye kifua, unga wa mchwa ukamwagika.

"Bwana karani, bawaba nitabadili, na ubao wa mshazari nitautia usishuke. Lakini mchwa wamekwisha kula miguu. Utaniita tena kabla ya masika. Sikiliza: chukua mninga, mabawa mawili. Mzito, lakini hauliwi. Au nikupigie bati juu ya fremu. Hilo jepesi, ila upepo ukivuma litakulilia kama mke aliyenyimwa kanga."

"Bati latosha," alisema Genoveva kutoka barazani, akichambua mchele. "Motokaa yenyewe inasukumwa na watu kuliko inavyowabeba."

Polikarpo alicheka. Leodegar hakucheka. Moyoni mwake kulikuwa na kidonda alichokuwa hajamwonyesha mtu. Mkubwa wake wa ofisini, Mwingereza aliyekaa Oysterbay, alipata kumsimamisha juani mbele ya gereji yake yenye mlango wa kijani, mafaili mikononi, huku akimwambia mgeni wake kwamba Mwafrika hahitaji mlango wa gereji, kwa kuwa hana cha kuweka ndani. Tangu siku ile Leodegar alidunduliza mpaka akapata ile motokaa kuukuu, na sasa alitaka mlango ambao hakuna Mzungu aliyekuwa nao.

Akaupata Kimbiji alikokwenda kuzika. Nyumba ya mawe ilikuwa ikibomolewa, na mlango wake mmoja umeegemezwa ukutani: mvule mweusi kwa uzee, mabawa mawili, na kila bawa limezungushiwa nakshi ya mnyororo mnene kama kifundo cha mkono, pete baada ya pete, bila mwanzo wala mwisho. Wabomoaji hawakubisha alipouomba. Walimsaidia kuupakia kwenye lori, tena kwa haraka iliyopaswa kumtia shaka.

Polikarpo aliuzunguka mara nyingi kabla ya kuugusa.

"Huu ulikuwa wa chumba cha ndani," alisema. "Tazama bawaba zilipokuwa. Ulifungukia ndani, na nakshi zilitazama ndani. Mie nimechonga milango tangu utoto. Nakshi humtazama mgeni ajaye. Huyu alimchongea nani, chumba kitupu?"

"Motokaa ikiwemo, mlango hauwezi kufungukia ndani. Ugeuze. Ufungukie nje, na nakshi zitazame barabara, kila apitaye azione."

"Bora umwulize mwenye nyumba kwanza," alisema Genoveva.

"Mwenye nyumba ndiye mimi."

Basi ukageuzwa. Na Polikarpo, ambaye naye alipenda kazi njema ionekane, aliupaka mafuta hata ukang'aa, na watu wa Kinondoni wakaja kuutazama, na Leodegar akasimama kando yake katika suti yake ya Jumapili.

Ndipo nyumba ilipoanza kuharibika. Kwanza ilikuwa harufu, ambayo haikuwa ya petroli wala ya jikoni, bali ya chokaa mbichi na nywele zilizoungua, ikija jua linapokuwa utosini na kukaa mpaka alasiri. Kisha ikawa sauti: kitu kizito kikiburuzwa polepole kuizunguka nyumba, kikikwaruza tofali, kikituama kila penye dirisha. Leodegar alitoka mara kwa mara na panga, akakuta uwanja mtupu na kuku wamekusanyika juu ya paa la jikoni, kimya. Na pamoja na harufu na sauti ile ilikuja hasira. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kikombe, juu ya namna mwenzako anavyopumua. Kazini Leodegar alikuwa mtu. Alipopita uani tu, damu ilimchemka kabla hajavua kofia, na maneno aliyoyatoa kinywani yalikuwa makali kuliko aliyokusudia, na aliyoyapokea yalikuwa makali kuliko hayo. Mtoto alitiwa alama mwilini na mama yake, kisha na baba yake, na kila mmoja alimwapiza mwenzake kwa kumpiga mtoto.

Jumapili moja, baada ya misa, ugomvi ulizuka kuhusu dagaa. Leodegar hakukumbuka baadaye alivyofika jikoni. Alijikumbuka tu amesimama, mchi wa kinu umeinuliwa juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na mbele yake Genoveva amechuchumaa na kisu cha kupaa samaki, hakimbii, hapigi kelele, anamngoja, macho yake yamemkazia mahali pa tumbo atakapompasua, na ile harufu ya nywele zilizoungua imejaa jikoni hata moshi wa kuni haukunukia tena, na nyuma ya mgongo wa Leodegar, karibu sana, karibu kama pumzi, kile kilichozoea kuburuzwa nje ya ukuta kilikuwa kimesimama, nacho kilitulia kama mtu aliyeandaliwa chakula na anasubiri kunawa.

"Baba!" Sauti ilitoka bandani. "Njooni huku. Huku hayumo."

Hakujua ni kwa neema gani aliutupa mchi na kukimbia. Alipovuka kizingiti cha banda, hasira ilimtoka ghafla kama koti lililovuliwa na mtu mwingine. Akamwita mkewe, akamsihi, na Genoveva akamfuata na kisu chake. Naye alipoingia kisu kikamwanguka, akaketi chini sakafuni, akalia.

"Nilikuwa nakuua," alisema kwa kunong'ona.

"Mie vilevile. Nani hayumo, Demetria?"

Mtoto alionyesha uwanjani kwa kidole, kisha akakificha kidole kwapani kwa hofu.

Walilala ndani ya motokaa, watatu. Kesho yake Polikarpo alitumwa Kimbiji kuulizia habari za mlango, akarudi na bibi mmoja aitwaye Mwanakombo, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa mwenye ile nyumba ya mawe. Alikuja na chetezo cha ubani mkononi. Alipouona mlango kutoka barabarani alisimama.

"Shikamoo bibi," alisema Leodegar.

"Nani aliyeugeuza?"

"Mimi niliamuru."

"Basi sikuitikii." Aliingia moja kwa moja bandani na hapo tu ndipo alipozungumza, kwa sauti ya chini iliyotetemeka kwa ghadhabu. "Huyu ni jini wa hamaki. Aliwagombanisha baba zetu mpaka wakatoana roho kwa sababu ya nazi. Babu alimwingiza chumbani, akamtilia mlango huu. Mnyororo hufunga upande ule unaoutazama. Ulipotazama chumba, alifungwa chumbani. Wewe uliubeba naye akaufuata, kisha ukaugeuzia uwanja wako, jiko lako, kitanda chako. Gereza lake sasa ni nyumba yako, na banda hili ndilo pekee liko nje ya gereza. Mtoto alilijua hilo, na nyie mkampiga."

"Tuuchome moto," alisema Leodegar.

"Uchome, awe wa mji mzima."

"Basi tuhame," alisema Genoveva.

"Hujajaribu? Umefika barabarani na mzigo wako kichwani, kisha ukarudi kumalizia neno. Uongo?"

Genoveva aliinamisha uso.

"Mlango urudi kama ulivyokuwa, nakshi zitazame ndani," alisema Mwanakombo. "Lakini lazima awe humu ndani unapofungwa. Naye haji kwa ubani wala kwa kisomo. Hufuata hasira ya kweli kama nzi wafuatavyo machinjio. Mmoja wenu atasimama humu na hasira yake mpaka fundi amalize."

"Nitasimama mimi," alisema Leodegar.

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kola. "Yako ni ya kelele. Ya huyu mama ina mizizi."

"Mie sina hasira, bibi. Ni huyo jini."

"Unayo tangu kabla ya mlango, mwanangu. Jini aliikuta, akaketi juu yake."

Genoveva akakaza kanga kiunoni. "Naingia," alisema.

Alasiri waliisukuma motokaa nje. Demetria alipelekwa kwa jirani. Polikarpo aliyang'oa mabawa, akamwekea Genoveva nafasi katikati ya banda, na Mwanakombo akatoa sharti lake la mwisho. "Mama, usipoe. Ukipoa, atatoka. Na wewe bwana, simama hapa kizingitini akuone, na usimwombe radhi. Radhi itampoza."

Genoveva alimtazama mumewe. Mwanzoni maneno yalikuja kwa shida.

"Uliniambia nitaendelea kufundisha," alisema. "Bukoba watoto walikuwa wakisimama nikiingia darasani. Hapa nasimama mimi, wageni wako wakiingia."

Skrubu ya kwanza iliingia.

"Motokaa umeipa jina. Mie huniiti jina langu, 'wewe' na 'lete'. Ulimwuliza fundi rangi ya mafuta. Mie hukuniuliza hata nikuambie kwamba siutaki mlango." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mkubwa wako alikudharau juani, ukamlipa nani? Ulimlipa yeye? Ulinilipa mimi!"

Leodegar alishtuka. Hakudhani kama mkewe aliyajua yale ya Oysterbay.

"Na mama yangu. Mama yangu, Leodegar. Alipokufa uliniambia meli imekwisha ondoka Mwanza, hakuna njia. Nikakaa hapa nakupigia pasi suruali, mama anafukiwa. Kumbe meli ilikuwapo. Nilijua baadaye, nikanyamaza. Kila nilipokupakulia nilinyamaza."

Ndipo harufu ya chokaa mbichi ilipompita Leodegar begani, na kile kitu kizito kikaburuzwa juu ya kizingiti, kikimgusa kifundo cha mguu kwa baridi ya kisima, kikaingia. Bawa la kwanza lilikuwa limekwisha kaa. Jua la alasiri lilipenya palipobaki wazi na kukitupa kivuli cha Genoveva ukutani, na Leodegar akaona kwamba mkewe mikono yake ilikuwa imeshuka ubavuni ilhali kivuli kilikuwa kimeinua yake. Na mkewe alipofunga kinywa ili ameze mate, maneno hayakukatika, yaliendelea kwa sauti ile ile, kwa lafudhi ile ile ya Bukoba, yakihesabu mambo ambayo Leodegar aliyafanya gizani na hakumwambia hata padri, na Polikarpo jasho likimdondoka juu ya bisibisi alikazana na bawaba ya mwisho huku akiita watakatifu kwa Kimakonde, na Leodegar, ambaye katika umri wake wote hakupata kuona haya kama aliyoyaona wakati ule, alifumbua kinywa kusema neno moja tu, la kwanza la kweli katika ndoa yake. Na kiganja cha Mwanakombo kikamfunika midomo kwa nguvu.

"Nyamaza, utamwua. Mama! Toka sasa, acha kila kitu!"

Genoveva alijipenyeza kwenye mwanya uliobaki. Bawa likajifunga nyuma yake, komeo likasukumwa.

Kimya. Kuku walishuka mmoja mmoja kutoka juu ya paa. Mwanakombo alipitisha chetezo mbele ya mlango, ambao sasa ulikuwa mbao tupu laini upande wa barabara, akaenda zake bila kuaga. Polikarpo alimfuata na zana zake mikononi, hakungoja kuzitia mkobani.

Genoveva alikuwa anajipangusa vumbi. Uso wake ulikuwa safi, umetulia kama sahani iliyooshwa na kufutwa. Hakukuwa na kunjo hata moja.

Leodegar alipiga magoti mchangani, na suruali iliyopigwa pasi.

"Genoveva. Nisamehe. Ya shule, ya mama yako, yote. Nilikudanganya kuhusu meli. Piga, tukana, lolote. Nisamehe tu."

Mkewe alimtazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyekosea nyumba. "Nikusamehe lipi, Baba Demetria? Inuka, utachafuka. Nikupikie nini leo?"

Leodegar alimtafuta machoni, akatafuta kwa muda mrefu. Hakukuwa na ghadhabu mle, wala huzuni, wala mama aliyezikwa.

Nyuma ya mvule, sauti ya mkewe iliita.

"Leodegar. Sijamaliza."

Genoveva aligeuza kichwa, akasikiliza, na huruma nyepesi ikapita usoni pake.

"Maskini," alisema. "Nani huyo, na nani aliyemkasirisha hivyo?"