Siwa Iliyogoma Tungwaya

Zama zile miji ya pwani ilipozungushiwa kuta za mawe, kila mji na mfalme wake na sheria zake, palikuwa na mji uitwao Tungwaya. Waungwana wake walivaa vilemba vya hariri na majambia ya fedha, nao walikuwa na swali moja walilolipenda kuliko chakula. Mtu asiye wa koo zao akifika mbele ya kadhi, huulizwa, "Nani anakusemea?" Asipokuwa na mwungwana wa kumsemea, hurudi kwao na shauri lake moyoni.

Mize binti Makame alikuwa mpiga siwa, ile pembe kubwa ya shaba. Siwa isipolia, sheria haikuwa sheria wala mfalme hakuwa mfalme. Lakini kuipuliza hutunisha mashavu na kumwaga mate, kwa hiyo waungwana waliona ni kazi ya aibu, wakaiachia ukoo wa kina Mize tangu enzi za mababu.

Mwaka mmoja adui waliuzingira mji siku tisa. Siku ya tisa, mishale ikinyesha, Mize alipanda ukutani akapiga siwa hadi wakulima wa mashamba ya mbali wakaisikia. Walikuja mbio na mikuki na mapanga, adui wakatimka wakiacha vyungu motoni. Siku zote hizo Mwinyi Hatibu, shujaa wa maneno, alikuwa ghalani nyuma ya makanda ya mtama. Alipotoka alijipangusa vumbi, akaenda kulitwaa shamba la minazi la Mize, akidai ni lake tangu zamani.

Mize akaenda kushtaki.

"Nani anakusemea?" kadhi akauliza.

"Juzi niliusemea mji mzima juu ya ukuta, bwana kadhi. Leo sijui kujisemea?"

"Ndiyo ada yetu, mwanangu. Mimi sikuitunga."

Mize alitoka amejaa hasira. Wiki ile mfalme mzee alifariki, na Ijumaa ilipofika watu wakakusanyika uwanjani kumtawaza mpwa wake, Mwinyi Zahidi. Udi ulifukizwa, mazulia yakatandikwa. Mize akaja na siwa, akailaza mbele ya miguu ya Zahidi, kisha akaketi.

"Siwa ni ya mji, bwana wangu, lakini pumzi ni yangu. Siitoi mpaka kila mtu wa Tungwaya, awe mhunzi, mfinyanzi au mtumwa, ajisemee mwenyewe mbele ya kadhi."

"Kupuliza tu!" Hatibu akafoka. "Nipeni mimi."

Akapuliza. Ikatoka sauti ya ndama mwenye tumbo la kuendesha. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwungwana wa pili akatoa mate matupu, wa tatu kilemba kikamdondokea puani. Kufikia adhuhuri walikuwa wamejaribu wote, midomo imewavimba, na mji bado hauna mfalme.

Zahidi alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Wazee wangu, tumeshindwa. Mize, piga siwa nivikwe kilemba cha ufalme, kisha nitaipitisha sheria yako."

"Sheria kwanza, bwana wangu. Kilemba kitafuata."

Zahidi akamtazama, akacheka tena, akaitangaza sheria papo hapo. Mize akasimama, akavuta pumzi. Siwa ililia hadi kunguru wakaruka kutoka mapaa yote ya mji, na vigelegele vikaifuata mpaka jioni. Furaha ya siku ile haielezeki.

Jumatatu, shauri la shamba likasikizwa. Kadhi akamgeukia Hatibu kwanza.

"Nani anakusemea?"

Hatibu akatazama kushoto na kulia. "Mimi mwenyewe," akajibu kwa sauti ndogo.

Siku hiyohiyo shamba likarudi kwa mwenyewe. Tungwaya sasa ni magofu, na hakuna ayakumbukaye majina ya waungwana wake. Kilichobaki midomoni mwa watu ni jibu alilotoa Mize zamu yake ilipofika, kwa sauti iliyosikika hadi nje ya kuta:

"Mimi mwenyewe, bwana kadhi. Na nina mengi ya kusema!"