Kadzo na Sauti ya Pili

Siku ya soko pale Kombani, mtu mwenye akili zake hasimami katikati ya njia. Malori yanateremka kutoka Kwale, mengine yanapanda kutoka Likoni, na kila dereva anapiga honi kama njia ni ya babake. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1954 alisimama mwanamume mmoja katikati kabisa, kaptula ya kaki imepigwa pasi hata ungeikatia nyama, soksi zimepanda mpaka magotini, kichwa amekiinamisha kama kuku aliyesikia mwewe.

Alikuwa akimsikiliza Kadzo.

Kadzo binti Menza aliuza machungwa, na machungwa yake hakuyanadi kwa maneno matupu; aliyaimba. "Machungwaaa! Matamu ya Shimba! Ukila moja utarudi, usiporudi u mgonjwa!" Sauti ilipita juu ya honi, juu ya mbuzi, juu ya ugomvi wa wauza papa mkavu, ikakaa huko juu peke yake.

Yule mwanamume akaja. Akatoa mfukoni kijichuma chenye miguu miwili, mfano wa uma wa kulia wa Wazungu, akakigonga kwenye sanduku la machungwa, akakitia sikioni.

"Ee bwana," akasema Kadzo, "chungwa langu lina homa?"

Biasha, muuza nazi wa meza ya pili, alicheka mpaka leso ikamwanguka mabegani.

"Namtafuta do," mwanamume akajibu bila kutabasamu.

"Hapa hakai. Jaribu kwa fundi baiskeli."

"Do si mtu, dada. Ndipo wimbo unapotia mguu. Nimesimama pale njiani muda wote nikikusikiliza, na kwa kelele zote hizi hujateleza hata kidogo. Naitwa Mwero, mwalimu mpya wa kwaya. Nimetoka Rabai."

"Nami naitwa Kadzo. Na hapo uliposimama, Mwalimu, pana ganda la chungwa."

Mwalimu akageuka atazame, akateleza, akaketi chini na soksi zake. Kombani nzima ilicheka, naye akacheka kuliko wote. Hapo ndipo moyo wa Kadzo ulipofanya jambo ambalo hakuutuma.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la makuti, kando ya njia ya Waa, kuta zimepakwa chokaa. Mwero aliwagawa waimbaji katika sauti nne, jambo ambalo hapo halikuwahi kutokea, na Kadzo akapewa sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe. Usicheke, msomaji. Kadzo alilelewa na shangazi yake Mbeyu katika nyumba ya watoto wengi, akala wa mwisho, akavaa gauni baada ya dada watatu. Cha kwanza hakuwahi kupewa. Alipopewa hiki alikishika kwa mikono miwili.

Na baada ya mazoezi Mwero alikuwa akimsindikiza, baiskeli akiikokota.

"Mbona huipandi?" Kadzo angemuuliza.

"Nikiipanda tutafika."

"Na tukifika?"

"Shangazi yako atakuita, mpenzi, nami nitabaki naongea na kengele ya baiskeli."

Aliyekuwa hapendi hayo yote ni Mzee Tembo, mzee wa kanisa. Si mapenzi yaliyomuudhi, ni zile sauti. "Mungu ni mmoja, wimbo ni mmoja, sauti nne za nini?" alikuwa akinguruma. "Haya. Pasaka Askofu anakuja. Mkiimba mkafika mwisho, nitanyamaza. Mkianguka mbele yake, tunarudi kwenye sauti moja, nawe Mwalimu unarudi Rabai."

Kwa hiyo Mwero alitunga wimbo wa Pasaka, na jioni moja, majuma machache kabla ya sikukuu, akawapanga watu upya.

"Kahaso, njoo sauti ya kwanza. Kadzo, nenda ya pili."

Kahaso alikuwa bintiye Mzee Tembo, mwenye gauni la marinda na viatu vya kisigino kutoka Mombasa. Alipita mbele ya Kadzo, viatu vikimsemea.

"Ya pili?" Kadzo akauliza.

"Ya pili."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nenda, nitakueleza baadaye."

Laiti wanaume wangejua ni nyumba ngapi zimebomolewa na hiyo "nitakueleza baadaye", wangeeleza papo hapo. Kadzo aliimba sauti ya pili jioni hiyo yote, taya limekaza, akaishika yote kwa hasira. Mlangoni Mwero akamfuata.

"Kadzo, mpenzi, sikiza..."

"Mpenzi yuko sauti ya kwanza, Mwalimu. Hongera. Umepata binti wa mzee wa kanisa, muuza machungwa wa nini tena?"

"Si hivyo hata kidogo!"

"Nieleze baadaye," akasema, akaenda zake. Na kwaya hakurudi.

Mwero alimfuata sokoni, kofia mkononi. Kadzo hakumtukana, watu wa pwani wana njia zao. Alikuwa amejifunga leso mpya, akamgeuzia mgongo apange machungwa, na mgongoni maandishi yakasomeka vizuri: ULIYEMPA NAFASI MPE NA SALAMU. Mwalimu alisoma. Akavaa kofia. Akaondoka.

"Amesoma?" Kadzo akanong'ona.

"Amesoma," Biasha akajibu. "Wallahi, mimi najua herufi za msahafu tu, na hata mimi imenichoma."

Lakini mdomo una visa. Siku zilizofuata, Kadzo akinadi machungwa, sauti ilikuwa haipandi tena. Ilikwenda chini kidogo, pembeni kidogo, ikizunguka wimbo usiokuwapo.

"Machungwa yamefiwa?" mteja mmoja akauliza.

Biasha, ambaye nyumba yake iliegemeana na kanisa, alivumilia, kisha akachoka. "Shoga yangu, mimi Mwislamu, nyimbo zenu hazinihusu. Lakini masikio hayafungwi kwa komeo. Tangu uondoke, wimbo ule ni mchuzi usiotiwa nazi."

"Kwani Kahaso haimbi vizuri?"

"Kahaso aimba vizuri sana. Ndilo nisemalo! Njoo usikie mwenyewe."

Alasiri Kadzo akaenda, akaketi uani kwa Biasha juu ya mbuzi, akimsaidia kukuna nazi. Upande wa pili wa ukuta kwaya ikaanza. Kahaso alipanda vizuri, kweli, mwepesi kama karatasi. Lakini wale kina mama wa sauti ya pili walishika njia yao kidogo tu, kisha mmoja akamfuata Kahaso, akafuata wa pili, wote wakaishia huko juu kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Wanaume wakapotea. Wimbo ukakaa chini.

"Mama zangu, msimfuate Kahaso!" Sauti ya Mwero ilikuwa imechoka.

"Mwalimu, tufanyeje? Yeye ndiye mwenye wimbo!"

"Kadzo hakuwa akimfuata mtu," Mwero akasema. "Kuubeba wimbo ni rahisi, Kahaso mwenyewe ajua. Lakini kusimama kando ya wimbo usivutwe nao, katika kwaya hii namjua mmoja tu. Nguzo ya kati ndiyo niliyompa. Nikamwambia nitaeleza baadaye, mpumbavu mimi."

Kadzo akazidi kukuna, mbio mbio.

"Kadzo," Biasha akasema kwa upole, "nazi imekwisha. Wakuna kifuu."

"Nitarudije, Biasha? Niliondoka kwa kishindo."

"Basi rudi kwa kishindo. Kwani kishindo ni cha kuondokea tu?"

Hata hivyo kiburi kina mizizi. Siku zikapita, Pasaka ikafika, na Kadzo alikuwa bado hajasema neno.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kina mama walivaa leso zinazonukia sanduku na asumini. Askofu aliketi mbele amevaa mavazi meupe, jasho likimtiririka. Mzee Tembo amekaza tai, tayari kwa msiba. Kadzo alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili akimbie. Nje, chini ya dirisha, alisimama Biasha na buibui lake, eti anapita tu.

Mwero akagonga kile chuma gotini. Wakaanza.

*Jiwe limeondoka, mlango u wazi...*

Ubeti wa kwanza ulipita ukichechemea. Wa pili, mama mmoja wa sauti ya pili akamtazama Kahaso. Kadzo akajua kitakachofuata. Yule mama akamfuata Kahaso juu, na mwenziwe naye. Wanaume wa sauti ya tatu wakaanza kutazamana, na Mzee Tembo akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kumpakia mwenziwe mizigo ya Rabai.

"Kadzo!" dirisha likanong'ona. "Tia nazi!"

Kadzo hakukumbuka baadaye alisimamaje. Alikumbuka tu kwamba mdomo ulikuwa wazi na sauti ya pili imetoka, nzito, imenyooka, haimfuati mtu. Akaanza kutembea katikati ya mabenchi huku akiimba. Vichwa viligeuka. Wale kina mama waliisikia, wakaishika kama kamba ya kisima, mmoja mmoja wakateremka mahali pao. Wanaume wakapata ardhi. Na Kahaso, Mungu ambariki, alipohisi kitu chini ya miguu yake, alipanda juu kuliko alivyopata kupanda, na macho yake yakamwita Kadzo: njoo, dada, njoo! Kadzo akafika, akasimama kati ya wale kina mama, na ubeti wa mwisho ukalipuka hata vumbi la makuti likadondoka juu ya Askofu.

*...mlango u wazi, nani ataufunga?*

Kisha Askofu, na vumbi lake kichwani, akasimama akapiga makofi, na hapo hapana aliyeketi tena. Vigelegele vilitoka ndani, na kimoja, kirefu kuliko vyote, kilitoka dirishani.

Mzee Tembo akajipangusa macho kwa ncha ya tai. "Mungu ni mmoja," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini naona ana masikio mengi. Imbeni tena!"

Waliimba mara tatu.

Nje, baadaye, Mwero alikuja na kofia mkononi na vumbi mabegani.

"Kadzo, kosa ni langu. Ningekueleza mbele ya watu wote, pale pale."

"Nilisikia ukieleza, Mwalimu. Nyuma ya ukuta, juu ya mbuzi ya nazi."

"Basi na hili nalieleza sasa hivi. Nyumba yangu ina sauti moja tu, ya nne, ile ya chini kabisa, nayo hujijibu yenyewe kama mwendawazimu. Kesho natuma wazee kwa shangazi yako. Nikupangie sauti gani?"

Kadzo akajifanya anafikiri. Biasha, aliyekuwa bado anapita tu, akasogea karibu.

"Niache ya pili, mpenzi. Nimeizoea."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza mwekee mtoto," Kadzo akasema. "Nasikia wao huanzia juu."