Hodi kwa Rafu Zinazotembea

Kila alasiri baada ya shule, Marieta alipitia maktaba ya parokia mjini Mbulu kumsubiri shangazi yake, Scolastica, aliyeitunza. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na siku hiyo chumba cha nyuma cha maktaba nacho kilikuwa na kitu kipya.

Rafu ndefu za chuma zilisimama juu ya reli, zimebanana hata panya asipite. Humo vilihifadhiwa vitabu vinavyosomwa kwa nadra. Shangazi alishika gurudumu dogo ubavuni mwa rafu, akalizungusha. Ukuta mzima wa vitabu ukasogea polepole, njia ikafunguka. Marieta alishika mdomo kwa mshangao.

"Shangazi! Hata ng'ombe wa kulimia wangeshindwa!"

"Mkono mmoja tu, mwanangu. Lakini njia moja ikifunguka, nyingine inajifunga. Kabla ya kuzungusha, piga hodi, kisha chungulia."

"Nipige hodi kwa vitabu?" Marieta alicheka mpaka akakohoa.

Alitoka mbio kumwita rafiki yake Kornelia aje aone maajabu. Waliporudi, shangazi alikuwa chumba cha mbele akihudumia wasomaji. Marieta alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akalizungusha kwa madaha. Rafu ikateleza, kisha ikagoma. Kitu kikalia, ka!

"Jamani, nipo humu!"

Alikuwa Mwalimu Baltazar, mzee mstaafu. Alikuwa ameingia wakati Marieta alipokwenda kumwita Kornelia, akaketi sakafuni kusoma. Fimbo yake ndiyo iliyoizuia rafu isimbane. Marieta alirudisha gurudumu nyuma haraka.

Shangazi alifika akihema. "Rafu imejisogeza yenyewe? Kama ni hivyo, chumba hiki nakifunga leo hii!"

Kornelia alitazama viatu vyake. Kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa. Marieta aliziangalia rafu zile za ajabu, machozi yakamlengalenga.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Ni mimi nimezungusha. Sikupiga hodi. Naomba mnisamehe."

"Marahaba." Mwalimu aliinua fimbo yake iliyopasuka. "Fimbo nitachonga nyingine. Umesema kweli, na chumba hakitafungwa. Ila kumbuka, binti yangu, hodi haipigwi kwa ajili ya mlango. Hupigwa kwa ajili ya aliye ndani."

Kesho yake Marieta alisimama mbele ya gurudumu, hakuligusa.

"Hodi!"

Akainama, akachungulia. Kule mwisho aliona fimbo mpya, kisha miguu miwili.

"Karibu," sauti ikajibu. "Ila nisubiri kidogo, nimalize ukurasa huu."