Dirisha Lililoharibu Picha

Asubuhi ile, wenzangu, nyumba ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya dirisha la jikoni, ungo mapajani, akichambua maharage. Upepo ulimpepea usoni, naye akavuta pumzi taratibu, maana kifua chake kilikuwa na pumu ya siku nyingi na dirisha lile ndilo lililokuwa dawa yake ya kwanza. Pembeni yake mkwewe aliosha vikombe kwenye sinki jipya.

Mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Alikuwa fundi cherehani, lakini jina hakupewa kwa ajili ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa na ncha. Siku hiyo ulimi ulikuwa umelala, kwa kuwa moyo ulikuwa umeridhika. Jiko lao la zamani, lenye kuta nyeusi kwa masizi na meza iliyomfanya apike amepinda mgongo kama kulabu, lilikuwa limefumuliwa na kujengwa upya. Kaunta aliipima yeye mwenyewe kwa utepe wake wa kushonea, ikamfika kiunoni barabara kama sketi iliyokatwa na mwenye macho. Makabati yalifungika bila kelele. Bomba lilitiririka bila kukohoa. Mwanamke huyu hakuwa na ugomvi na mambo mapya, hilo lieleweke mapema.

Mumewe, karani wa ghala, akaingia na simu mkononi.

"Mama, sogea kidogo. Unanizibia jiko."

Bibi akasogea na kigoda chake. Karani akapiga picha, akaitazama, akakunja uso. Akarudia. Akapanda juu ya stuli, akarudia tena. Kila picha ilitoka giza, kwa sababu mwanga wa dirisha ulitoka nyuma ukaimeza kaunta, ukameza makabati na vigae vyake vyeupe.

Hata hivyo alirusha moja mtandaoni, kwenye ukurasa wa watu wapendao kupamba nyumba, pamoja na picha ya jiko la zamani. Juu yake akaandika: KABLA NA BAADA. Sifa zikamiminika. Lakini katikati ya sifa hizo mtu asiyemjua, asiye hata na sura kwenye akaunti yake, aliandika: "Jiko zuri, ila dirisha linaharibu picha."

Neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nanyi mnaosoma, msimcheke upesi. Nani kati yenu hajawahi kusifiwa na wengi, akakosa usingizi kwa neno la mmoja?

Mama Sindano alipokwenda kupeleka sare za wanafunzi alizozishona, aliaga jiko lenye dirisha. Aliporudi jioni, alimkuta mwashi uani akiosha mwiko wake, na ndani akakuta ukuta. Vigae vyeupe, juu hadi chini, na rafu mbili zenye taa ndogondogo.

"Fundi, dirisha liko wapi?"

"Lipo, dada, nyuma ya vigae. Mimi ni mkono tu. Mwenye nyumba akisema ziba mlango, naziba mlango, naruka ukuta naenda zangu."

Mumewe alikuwa akifuta vigae kwa leso yake ya mfukoni, amependeza kama bwana harusi. Dada yake, aliyekuja kulitazama jiko, alikuwa kaegemea kabati.

"Baba, umeziba pua ya nyumba ili sura ipendeze," Mama Sindano alisema. "Na mama yako atapumulia wapi?"

"Mlango si upo?"

"Na mlango ukifungwa? Basi na wewe ziba pua, upumulie masikio."

Wifi yake akacheka kwa dharau. "Jamani wifi, mtu analetewa mazuri ananuna? Wenzio hadi leo wanapikia mawe matatu."

"Mawe matatu yana hewa, wifi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, hajui aweke wapi kigoda. "Mwanangu," alisema polepole, "marehemu baba yako alilitoboa dirisha lile kwa ajili ya kifua changu."

"Mama, nyakati zimebadilika."

"Zimebadilika, ndiyo. Kifua changu hakijabadilika."

Karani akajifanya hasikii. Alikuwa anapiga picha, na safari hii ilitoka safi.

Tangu siku hiyo Mama Sindano akagoma. Alilitoa jiko la mkaa stoo, akaliweka barazani, akapika pale pale mbele ya macho ya mtaa, na Bibi akakaa karibu yake akichambua mboga kwenye hewa safi. Majirani wakapita wakiuliza, "Kwani jiko jipya limeharibika?" Naye akajibu kwa sauti ya kufika barabarani, "Haliumwi. Linapumzika, limechoka kupigwa picha!"

Mumewe aliona aibu hadi akaanza kuingilia mlango wa uani. "Unanidhalilisha," alimwambia. "Nimekujengea jiko la kifalme, unapika nje kama tumefukuzwa."

"Sipiki ndani ya kabati. Rudisha dirisha, nami nitarudi jioni hiyo hiyo."

"Na nisiporudisha?"

"Baraza ni pana."

Basi karani, badala ya kulisikia neno la mkewe, akalisikiliza la wafuasi wake wa mtandaoni. Walitaka kuliona jiko likitumika. Akawatangazia kwamba Jumapili atarusha mubashara, chakula kikipikwa, familia ikifurahi. Alimnunulia mama yake gauni jipya. Mkewe naye akabembelezwa atokee japo kidogo, ashike upawa, atabasamu.

"Uso wangu sio pambo la rafu," alijibu, akageukia cherehani yake sebuleni. "Ila mama asikae humo muda mrefu. Nimekwambia."

Jumapili ikaja na mvua. Wifi akaja pia, amejipodoa kweli kweli. Karani akamketisha mama yake kwenye kiti kizuri mbele ya vigae, akaisimamisha simu kwenye rafu ya upande wa pili, na kwa kuwa mvua ilipiga kelele juu ya bati akafunga mlango wa sebuleni na mlango wa uani. Akawasha jiko la gesi. Mwali ukachungulia, ukafa. Mtungi ulikuwa mtupu.

Sasa tazameni binadamu anavyofanya akiwa na watazamaji. Angeweza kusema, "Samahani, gesi imekwisha," wakacheka wote, yakaisha. Yeye alitoka kwa mlango wa uani, akazunguka hadi barazani, akalibeba jiko la mkaa la mkewe likiwa limekolea moto, akaliingiza chini ya kaunta ambapo simu haikuona. Chakula kikapikwa pale chini. Juu, kwenye jiko la gesi lililozimika, akaweka sufuria tupu inayong'aa, akawa anaikoroga huku anacheka na simu. Na milango akaifunga tena.

Sebuleni cherehani iliunguruma, mvua ikaunguruma zaidi, Mama Sindano asijue lolote. Baadaye mlango ukafunguliwa, wifi akatoka ameshika ukuta.

"Wifi, nipe maji. Kichwa kinanigonga, na tumbo linanigeuka. Sijui ni joto la mkaa..."

Mguu wa Mama Sindano uliganda juu ya kanyagio. "Mkaa gani?"

Hakungoja jibu. Alimkuta Bibi kwenye kiti chake kizuri, kidevu kifuani, mikono imelegea juu ya gauni jipya. Mumewe alikuwa chini, mgongo kwenye kabati, midomo inacheza bila neno. Akaupiga teke mlango wa uani ukafunguka, akampitisha Bibi mikono kwapani, akamburuta hadi nje, chini ya ukingo wa paa, palipo na hewa na matone. Akarudi akamvuta mume kwa kola ya shati alilomshonea kwa mkono wake. Mara ya tatu alirudi amebana pumzi, kulitupa jiko la mkaa kwenye mvua.

Hapo ndipo jicho lake likaangukia simu. Ilikuwa bado inarusha. Kiti kilikuwa kitupu, mioyo myekundu ikipanda, na maneno ya watu yakifuatana: "Bibi kasinzia, jiko tamu hilo!" "Hongera, mama kapumzika kifalme!"

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali. Bibi aliwekewa hewa, na sote tulishika roho mkononi hadi alipofumbua macho akauliza nani amemvua viatu. Daktari hakuwa na maneno mengi kwa karani: "Mkaa ukiufungia ndani, unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Hata mtu mzima mwenye afya inamuua. Mngechelewa kidogo, ungemrudisha nyumbani amefunikwa shuka."

Siku waliyomtoa Bibi, Mama Sindano hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa mwashi.

"Chukua nyundo, twende. Mkono uliofunga ndio utakaofungua."

Karani aliwakuta jikoni, mkewe ameipokea nyundo, amefunga kitambaa kichwani.

"Mke wangu, subiri. Vigae vipya hivyo. Tungeweka hata feni..."

"Washa simu," alisema mkewe.

"Nini?"

"Washa simu, urushe. Uliwaonyesha kabla, ukawaonyesha baada. Sasa waonyeshe baada ya baada."

"Watatucheka."

"Wacheke! Mama yako alipokuwa anakata roho walipiga makofi, na hukuona haya. Washa!"

Karani alimtazama mama yake aliyekuwa ameegemea mlango, mkono kifuani. Akaiwasha simu, na kwa mara ya kwanza akawaambia wale watu ukweli: gesi iliyokwisha, sufuria tupu, mama aliyezimia mbele ya macho yao wote.

Nyundo ikapiga. Kigae cha kwanza kilipasuka, cha pili kikaanguka, tofali likalegea. Mwashi akamalizia pembe, na mwanga ukaingia kwa fujo, na nyuma yake upepo. Bibi alikokota kigoda chake, akakikanyagisha vumbi la vigae, akakaa mahali pake pa siku zote. Akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, na haikukwama popote.

Kwenye simu Mama Sindano alionekana kivuli cheusi chenye nyundo, mwanga ukimmeza pande zote. Yule yule asiye na sura akaandika: "Picha mbaya. Giza tupu."

Karani alisoma kwa sauti, akamgeukia mkewe. "Nimjibu nini?"

"Mwambie tunapumua."

FUNZO

Jengeni, ndugu zangu. Karabatini, pakeni rangi, wekeni vigae hadi darini mkiweza, na mkimaliza waonyesheni wenzenu mfurahi nao. Hakuna dhambi katika jambo jema kuonekana. Ila nyumba hujengewa wanaoishi ndani yake. Anayekusifu kwa mbali hasikii mama yako anavyokohoa, na siku ya msiba atabonyeza moyo mwekundu akidhani ni sherehe. Mkaa nao msiufungie ndani, hata siku moja, hata kwa mvua.

Na wewe uliyeambiwa unaaibisha nyumba kwa sababu umekataa kupongeza kinachoumiza watu wako, usiinamishe kichwa. Goma. Baraza ni pana. Na siku wakikuita mbaya wa picha, simama pale pale penye mwanga, na nyundo yako mkononi.